Serikali ikinunua gari chakavu ili ununue jipya: masharti yake, na huku Mtwara na Lindi yatakwama wapi

Mikindani_Bandarini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila bajeti ikikaribia hoja hii hurudi: serikali inunue magari chakavu, mwenye gari aongezewe hela anunue jipya. Hoja ina mashiko. Ila wanaoileta huanza na kiasi cha hela, na hapo ndipo inapopotea. Nchi zilizofanya mpango huu zilihangaika zaidi na swali moja: funguo zikishakabidhiwa, gari la zamani linakwenda wapi?

Marekani 2009, mpango wa CARS. Zilitengwa dola bilioni 1, zikaisha ndani ya siku chache, ikabidi Bunge liongeze bilioni 2. Julai ulifunguliwa, Agosti 24 ukafungwa. Fidia ilikuwa dola 3,500 au 4,500. Gari la zamani lazima liwe na umri chini ya miaka 25, linatembea kwa nguvu zake, lina usajili na bima kwa jina la mtu huyohuyo mwaka mzima mfululizo, na ni mlafi wa mafuta: maili 18 kwa galoni au chini ya hapo, yaani kama kilomita 7.6 kwa lita. Gari dogo jipya lilitakiwa kufika walau maili 22 kwa galoni na bei yake isivuke dola 45,000. Likiwa bora kuliko la zamani kwa maili 4 hadi 9 unapata 3,500. Maili 10 na kuendelea unapata 4,500. Magari takriban 680,000 yalitoka barabarani.

Ujerumani mwaka huohuo: yuro 2,500, gari liwe na miaka 9 na zaidi, uwe umelimiliki mwaka mmoja. Bajeti ilianza na bilioni 1.5 ikaishia bilioni 5, magari karibu milioni 2. Uingereza: pauni 2,000, nusu ya serikali na nusu ya kiwanda, gari la miaka 10 na zaidi. Japan walitoa yen 250,000 kwa gari la kawaida lililovuka miaka 13, na yen 125,000 kwa vile vigari vya injini ndogo.

Faida yake isikuzwe. Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walifuatilia mauzo ya Marekani wakakuta ongezeko lile lilifutika karibu lote kufikia Machi 2010. Wengi walionunua Agosti ni watu ambao wangenunua tu miezi michache mbele.

Lakini kote huko fidia iliambatana na sharti kwamba gari la zamani life. Naomba wenye ujuzi wa gereji, forodha na kadi za magari mchangie, tuone hili likiletwa Kusini lina sura gani.

---

Ruangwa_Kati

Mkuu, hapo pa gari kufa ndipo sijaelewa. Noah ya 1998 mpaka leo inapakia watu Nachingwea kwenda Liwale. Serikali inunue chombo kinachotembea halafu ikiue? Si bora wauze spea, hela irudi?

---

Mikindani_Bandarini

Spea ziliruhusiwa, ndugu yangu. Mlango, taa, viti, rimu, kioo, vyote viliuzwa. Kilichokatazwa kabisa ni injini, na mwenye yadi alipewa siku 180 za kuuza anachoweza kabla bodi halijasagwa. Sababu ni kwamba injini ikirudi barabarani ndani ya bodi jingine, serikali imelipa kuondoa moshi ambao haujaondoka. Ujerumani hilo liliwatokea: yako magari yaliyolipiwa fidia yafe, yakaonekana Ulaya Mashariki na Afrika yakiuzwa. Karatasi ilisema limeshakufa, gari lenyewe lilikuwa ndani ya meli.

Sisi tuna bandari Mtwara, na kule Mtambaswala tuna daraja la kuvukia Msumbiji. Karatasi peke yake hapa haitoshi.

---

Fundi_Chikongola

Naongeza upande wa kuua injini, maana watu husema "kuua" bila kujua inafanyikaje.

Njia ya CARS ilikuwa hivi. Mwaga oili yote, acha ichuruzike mpaka ikatike, rudisha nati ya sampo. Badala ya oili mimina silikati ya sodiamu iliyochanganywa na maji, nguvu yake asilimia 40, kiasi cha lita 2 kasoro kidogo. Washa injini, ishikilie kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Pampu ya oili inaisukuma silikati mpaka kwenye beringi za krenki. Joto linakausha maji, kinachobaki ni kitu kama kioo kilichosagwa, kinakwangua beringi hadi krenki inang'ata. Dakika chache injini inalia, inakuwa nzito, inakata. Haijaishia hapo: unaiacha ipoe saa nzima, unapiga stata tena. Ikiwaka, unarudia.

Penye kudanganyika ni hapa. Injini kugoma kuwaka si ushahidi kwamba imekufa. Anayetaka kuiokoa anachomoa soketi ya sensa ya krenki, stata inazunguka, gari haliwaki, mkaguzi anasaini. Dawa yake ni kuvaa soketi kwenye boliti ya puli ya krenki, unaweka bomba refu, unajaribu kuzungusha kwa mkono. Krenki iliyong'ata haisogei hata nukta. Ikizunguka, hiyo injini nzima.

Kwa huku mimi nashauri njia nyingine, ile ambayo Marekani wanaitumia kwenye miradi ya kubadili injini za dizeli: unakata tundu la inchi 3 kwa inchi 3 ubavuni mwa bloku, na reli zote mbili za chesisi unazikata. Haitaki kemikali ya kuagiza, na picha moja ya simu inatosha kuwa ushahidi. Bloku iliyotobolewa hivyo hakuna wa kuichomelea ikarudi.

Angalieni tu aina ya bloku. Injini ya 1NZ ya Probox bloku yake ni aluminiamu, grainda inaikata bila shida. 1HZ ya Land Cruiser ni chuma cha kutupwa, na moto wa gesi na oksijeni hauikati kama unavyokata chesisi. Unaiyeyusha, inaacha donge, unamaliza mtungi bure. Ile unatoboa vishimo kwa drili kuzunguka mraba, vikaribiane, halafu nyundo kubwa pigo moja mbili kipande kinadondoka.

---

Ligula_Mazingira

Fundi amesema vizuri, ila kabla ya grainda kuna kazi ambayo ikirukwa uchafu wote unaishia Ghuba ya Mikindani.

Betri inatoka kwanza, hasi kabla ya chanya, kwa sababu kila kinachofuata kina mvuke unaoshika moto. Kisha petroli. Gari likatwe tenki likiwa limeshatolewa na kuwekwa mbali, na tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa vile limejaa mvuke. Lijazwe maji kabla ya kusogezwa na moto. Baada ya hapo oili ya injini (1NZ inabeba kama lita 3.7 ukihesabu na filta), oili ya giaboksi, ya difu, maji ya rejeta, mafuta ya breki. Kila kimoja na dumu lake. Wengi hukosea kuchanganya maji ya rejeta na oili chafu, na mchanganyiko huo hakuna anayeupokea tena. Oili chafu isiyochanganyika na maji ina mnunuzi.

Gesi ya eya kondishena ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Eabegi zilipuliwe kwa utaratibu au zitolewe zikiwa zimefungwa. Mtu akipiga nyundo dashibodi yenye eabegi nzima anaweza kupoteza jicho. Masega ya ekzosi (katalisti, kile kichujio cha moshi) yatolewe mapema na yaandikwe kwenye orodha, maana ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo kitu cha kwanza kupotea yadi. Usisahau vile vipande vya risasi vya kubalansia matairi.

Betri na oili chafu ni taka hatarishi, anayezikusanya anatakiwa awe na kibali cha mamlaka za mazingira. Yadi isiyo na sakafu ya zege isipewe kazi hii hata kama bei yake ni ndogo. Mchanga wetu wa pwani unanyonya oili papo hapo, na visima vya watu viko jirani.

---

Ruangwa_Kati

Nashukuru, sasa nimeelewa kwa nini injini isirudi. Swali la pili: hilo gari jipya nani huku ataliweza? Hata ukipewa milioni tano.

---

Forodha_Shangani

Swali hilo ndilo linalobadilisha mpango mzima. Kwetu "jipya" maana yake ni gari lililotumika Japan lenye umri mdogo. Na watu wasichokiona ni kwamba nusu ya sera hii tayari tunayo, ila imekaa bandarini kama adhabu badala ya zawadi.

Gari la kutembelea likiingia na umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa bidhaa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu. Likivuka miaka 10 ni asilimia 30. Hiyo ni juu ya ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 hakuna, juu ya hapo hadi cc 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10.

Tuweke hesabu. Chukua gari la cc 1,500 ambalo thamani yake mpaka bandarini TRA imeikadiria shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500,000, jumla 12,500,000. Ushuru wa injini asilimia 5 ya hiyo ni 625,000. Kama gari lina umri chini ya miaka 8, VAT asilimia 18 inapigwa kwenye 13,125,000, inakuwa 2,362,500. Kodi kuu zote kwa pamoja: 5,487,500.

Sasa gari lilelile, thamani ileile, umri miaka 12. Uchakavu asilimia 30 ya 12,500,000 ni 3,750,000. VAT nayo inapanda kwa kuwa inapigwa juu ya uchakavu pia, inakuwa 3,037,500. Jumla 9,912,500. Tofauti ni 4,425,000. Hapo sijagusa tozo ya reli, tozo ya kuchakata nyaraka wala usajili.

Kiuhalisia gari la miaka 12 thamani yake huwa chini, ndiyo maana watu bado wanaliagiza. Kabla hujalipa Japan ingia kwenye kikokotoo cha TRA, chagua modeli, mwaka na injini, uone wao wanalithamini kiasi gani. Risiti yako ya Japan siyo inayotumika kukadiria magari yaliyotumika, ni thamani iliyo kwenye mfumo wao. Mtu anayenunua gari kwa bei ya kutupa akidhani na kodi itashuka hukwama hapo, gari linakaa bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku.

Kwa hiyo pendekezo langu: fidia isiwe hela mkononi. Iwe punguzo la kodi kwa anayeleta cheti cha gari lililouawa. Umeua gari la miaka 20, unapewa hati ya kusamehewa kiasi fulani cha ushuru kwenye gari lenye umri chini ya miaka 8. Serikali haitoi fedha taslimu, na gari la miaka 12 linakosa soko lenyewe. Kenya wamezuia kabisa zaidi ya miaka 8, Uganda tangu 2018 wamezuia zaidi ya miaka 15. Sisi hatujazuia, tumeweka bei. Basi bei hiyohiyo tuitumie kuvuta.

---

Fundi_Chikongola

Hapo nakuunga mkono, ila hati isiuzwe. Hati ikiuzika, wakusanyaji watapita Newala na Tandahimba kununua mikweche iliyolala chini ya miembe, wapeleke hati Dar. Mkweche ule ulikuwa umeshakufa, haukuwa ukichafua hewa ya mtu. Ndiyo maana Marekani walidai gari liwe linatembea na bima ya mwaka mzima.

---

Rondo_Nyanda

Mifano ya Ulaya iko mbali nasi. Tuangalie Afrika.

Misri: sheria ya 2008 ilikataza kuendelea kutoa leseni kwa teksi zenye zaidi ya miaka 20. Kairo ikafuata na mpango wa kubadilisha, mwenye teksi anakabidhi gari, analipwa pauni 5,000 za Misri, anapata gari jipya kwa mkopo wa benki ulioandaliwa. Teksi zaidi ya 40,000 zilibadilishwa. Kilichofanya kazi pale ni kwamba vitu vitatu vilikuja pamoja: leseni inakoma, fidia ipo, mkopo upo. Ukiondoa kimoja, dereva anabaki hana kazi au serikali inabaki na mpango usio na watu.

Afrika Kusini walianza 2006 na daladala zao, fidia ya randi 50,000 kwa gari litakalosagwa. Fidia ile ilikuwa ndogo ukilinganisha na bei ya basi dogo jipya, na mpango ulikokota miaka na miaka.

Kwa Lindi na Mtwara ningeanzia kwenye magari ya abiria yenye leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) tu: Noah, Hiace na Costa. Orodha yao ipo, njia zao zinajulikana, na hayo ndiyo yanayotembea kutwa. Gari la mtu linalokwenda sokoni mara mbili kwa wiki haliwezi kuchafua kama Hiace ya Masasi.

Na dirisha lifunguliwe msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba hela inaingia kwenye akaunti kupitia vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), wenye magari wengi huku ni wakulima au wanawabeba wakulima. Ukifungua Aprili mtu hana mchango wake wa kuongezea juu ya fidia, na benki haimpi mkopo kwa mavuno ambayo hayajatoka maua.

---

Msimbati_Gesi

Misri walirudi tena 2021 na mpango mwingine unaotuhusu moja kwa moja: gari la miaka 20 na zaidi unabadilishiwa na jipya linalotumia gesi asilia. Sisi gesi inatoka hapa Msimbati na Songo Songo, inakwenda Dar kuendesha bajaji na teksi. Kwa nini mpango wetu usiwe kufunga mfumo wa gesi kwenye gari lililopo badala ya kuliua?

---

Fundi_Chikongola

Kwa gari zima, sawa kabisa. Kwa gari chakavu, utafunga mfumo wa bei juu ya injini iliyochoka, na gesi haisamehi injini iliyochoka.

Pima kompresheni kwanza. Kwa 1NZ kiwango cha kiwanda ni kama psi 213, ikishuka chini ya 156 haifai, na silinda na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Pima injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa, betri ina chaji. Wengi hupima injini ya baridi na throto imefungwa, wanapata namba ndogo, wanafungua injini bila sababu. Ikisoma ndogo, mimina kijiko cha oili kwenye silinda upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Valvu zinazovuja ukizipa gesi zinaungua mapema zaidi, kwa sababu gesi inaingia kavu, haina umajimaji wa petroli unaopoza siti za valvu. Koili na plagi dhaifu nazo zitaonekana siku ya kwanza. Gesi inadai cheche kali.

Uzito nao. Mtungi wa chuma ni takriban kilo moja kwa kila lita ya ujazo. Mtungi wa lita 60 ni kilo 60 juu ya ekseli ya nyuma, kabla abiria hawajapanda. Kwenye Noah yenye springi zilizolala utasikia kila shimo.

Na umbali. Mtungi huo ukijazwa kwa bar 200 unabeba kama kilo 10 za gesi. Kilo moja ni sawa na lita 1.4 hivi za petroli, basi una lita 14. Probox ya kilomita 13 kwa lita itakwenda kilomita 180. Mtwara hadi Masasi ni kama kilomita 200. Utamaliza safari kwa petroli. Kwa hiyo kabla hujafunga, jiulize kituo cha kujazia kiko wapi kwenye njia yako, siyo kwenye ramani ya bomba. Bomba kupita kijijini kwako halikujazii mtungi.

Mtungi nao una tarehe. Unatakiwa upimwe kwa presha ya maji kila miaka 5. Ukiuziwa gari lenye gesi, soma tarehe iliyopigwa shingoni mwa mtungi. Ikiwa imepita au imekwanguliwa, usijaze.

---

Msimbati_Gesi

Nimekuelewa fundi. Basi mpango uwe na milango miwili: injini inayofaulu kompresheni inapewa ruzuku ya gesi, inayofeli inapewa hati ya kuuawa. Kipimo kimoja, majibu mawili. VETA Mtwara na Lindi wanaweza kukifanya.

---

Kadi_na_Chesisi

Mmeongea injini, mmeongea kodi, kikwazo kikubwa cha huku hakijaguswa: kadi.

Sharti la umiliki wa mwaka mmoja litawaengua wengi mno. Gari limenunuliwa Kariakoo, limeuzwa Lindi, limeuzwa tena Newala, na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza wa Dar. Anayelimiliki kweli kwenye mfumo hayupo. Mpango ukija leo hapati kitu.

Kwa hiyo anayetarajia faida yoyote ya namna hii atengeneze kadi sasa. Unahitaji kadi halisi, mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, TIN ya muuzaji na ya mnunuzi, vitambulisho vya wote wawili. Maombi yanaingia kwenye mfumo wa TRA, unalipa ada ya kuhamisha, kadi mpya na ushuru wa stempu unaotokana na thamani ya mauziano. Kabla ya kwenda angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na hakikisha bima inasoma kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), siyo stika ya kwenye kioo tu.

Shika tochi usome namba ya chesisi kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi. Kwenye Noah na Hiace za pwani chumvi inakula bati, namba inafifia, na mtu akiipiga brashi ya waya kwa nguvu anaimaliza. Paka mafuta ya taa kwa kitambaa, acha dakika kumi, futa taratibu, halafu ipake chaki. Chaki inajaa kwenye mchoro na namba inasomeka. Piga picha. Injini ikiwa ilibadilishwa na kadi bado ina namba ya zamani, hiyo nayo irekebishwe kwanza, vinginevyo siku ya kukata bloku mkaguzi atakuta injini isiyo ya gari hilo na maombi yanakataliwa.

Mmiliki wa kwenye kadi akiwa amefariki, mkataba wa mauziano hausaidii hata ukiwa na mihuri mitatu. Familia ifungue mirathi mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, kisha yeye ndiye anayesaini kuhamisha. Kuna kipindi cha tangazo ili wenye pingamizi wajitokeze, kwa hiyo hesabuni miezi. Na siku gari likishauawa, usajili ufutwe TRA na namba za pleti zirudishwe palepale kaunta, zikatwe mbele yako. Pleti ikibaki gereji, itavaa gari jingine, na faini zitakuja kwa jina lako.